Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua vipuri

TAA ndogo ya manjano yenye umbo la injini, ikiwaka kwenye dashibodi na kukataa kuzima, huweza kuvuruga bajeti ya nyumba nzima. Baba huanza kuhesabu upya pesa za karo, mama huuliza kama watoto watapanda matatu Jumatatu asubuhi, naye jirani ambaye hakuulizwa hutoa ushauri wake: "Hiyo ni sensa tu. Nunua nyingine."

La kusikitisha ni kwamba ushauri wa aina hiyo ndio hufuatwa na wengi. Sensa hununuliwa katika Barabara ya Kirinyaga, ikafungwa, taa ikazimwa, na baada ya siku tatu ikawaka tena. Hufuata plagi, kisha koili, na hatimaye pampu ya petroli. Mwezi unapokwisha, mwenye gari amemaliza akiba yake na ugonjwa ungali palepale.

Makala haya yana jambo moja la kumweleza kila mwenye gari kuukuu kabla hajatoa hata shilingi: nambari inayotolewa na kompyuta ya gari ni kama maneno ya shahidi mahakamani. Shahidi husema alichokiona. Kuamua nani mwenye hatia ni kazi ya fundi, na fundi hawezi kuamua kabla ya kupima.

Kompyuta huona nini?

Magari ya kabureta hayakuwa na cha kusema. Fundi alisikiliza mlio, akanusa moshi, akatazama rangi ya plagi na kukaza hapa na pale kwa bisibisi. Mambo yalibadilika pale magari ya Japani yalipoanza kuletwa yakiwa na injekta zinazoongozwa na kompyuta.

Kompyuta hiyo haina macho. Hutegemea vihisi, ambavyo mafundi wetu huviita sensa. Kimoja hupima joto la maji ya injini. Kingine hupima hewa inayoingia. Cha tatu huangalia dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Cha nne hufungwa kwenye bomba la moshi na kazi yake ni kupima oksijeni iliyosalia baada ya petroli kuungua.

Kwa habari hizo, kompyuta hukadiria petroli ya kumwaga. Ili petroli iungue sawasawa, gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kihisi cha oksijeni hutoa umeme mdogo, kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi. Hewa ikizidi, volti hushuka. Petroli ikizidi, volti hupanda. Kompyuta huongeza au kupunguza mafuta papo hapo, mara nyingi dereva asijue lolote.

Taa huwaka pale kompyuta inapojaribu kurekebisha mambo ikashindwa, au inapopata habari zisizowezekana, mathalan kihisi kinaposema maji yamepoa kama barafu ilhali injini imekwenda saa nzima.

Vizazi viwili vya magari

Ni vyema kujua gari lako ni la kizazi gani kabla ya kununua kifaa cha kusomea nambari. Nchini Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1996, sheria ilitaka yote yawe na soketi ya aina moja yenye matundu 16, karibu na usukani, na nambari zenye maana moja. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani yenyewe katika miaka ya 1990 hayakufungwa na sheria hizo. Kila kampuni ilikuwa na njia yake. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa maana magari mengi ya Kenya yalikuwa ya Wajapani kabla hayajawa yetu. Sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, lakini likishaingia huishi miaka mingi. Ndiyo sababu Toyota Corolla 110, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1995, hazijatoweka barabarani.

Kijana aliyenunua kile kifaa kidogo cha kuunganisha gari na simu anaweza kukichomeka kwenye Corolla ya aina hiyo kisipate jibu lolote. Asidhani kifaa ni kibovu wala gari limekufa. Ni lugha tu haziingiliani.

Kusoma nambari bila mashine

Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, nambari husomwa kwa kipande cha waya. Chini ya boneti mna kijisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua kifuniko chake, utaona upande wa ndani umechorwa ramani ya matundu. Mawili yanayohitajika ni TE1 na E1.

Kwanza hakikisha betri ina nguvu, gia iko nyutro au P, na redio, taa na feni zimezimwa. Unganisha TE1 na E1 kwa waya, kisha geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake. Usiwashe injini. Ile taa ya injini itaanza kupepesa.

Ikipepesa mfululizo kwa kasi bila kituo, kompyuta inasema haina malalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, kisha mara mbili tena, hiyo ni nambari 22. Ikipepesa mara mbili halafu mara tano, ni 25. Kukiwa na nambari zaidi ya moja, zote hutolewa kwa zamu, kisha huanza upya. Ziandike karatasini.

Zifuatazo ndizo zinazoonekana mara kwa mara, ingawa si kila injini hutoa zote:

12 na 14: ishara za cheche, kutoka kwenye distributa na kifaa cha kuwashia
21: kihisi cha oksijeni
22: kihisi cha joto la maji
25: hewa imezidi mafuta
26: mafuta yamezidi hewa
31: kihisi cha hewa inayoingia
41: kihisi cha kipepeo kinachofunguka unapokanyaga mafuta

Tahadhari: ukiunganisha matundu yasiyofaa waweza kuunguza fyuzi au kitu cha bei kubwa zaidi. Kama ramani imefutika, mwachie fundi.

Magari mapya kidogo hutoa herufi na tarakimu nne. P humaanisha injini na gia, B ni bodi, C ni mambo ya breki na magurudumu, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta zenyewe. P0171 ni ndugu ya 25, yaani hewa imezidi. P0172 ni ndugu ya 26. P0300 husema injini inamisi bila kutaja silinda. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. P0420 hulalamikia chombo cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita kataliti.

Kisa cha nambari 25

Tuchukue mfano wa nambari 25, au P0171, kwa kuwa ndiyo huwatia wengi hasara.

Kompyuta inasema hewa imezidi mafuta. Habari hiyo imeletwa na kihisi cha oksijeni. Basi mwenye gari hukimbia kununua kihisi kipya. Lakini hebu tafakari. Ikiwa kihisi kimeona hewa nyingi kwa sababu kweli hewa ni nyingi, kosa lake ni lipi? Ni kama kumfukuza mlinzi aliyepiga kelele za mwizi. Kihisi kipya kitapiga kelele zile zile.

Hewa huzidi kwa njia mbili kuu. Ama kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, ama petroli haifiki ya kutosha.

Hewa ya mlango wa nyuma hupitia kwenye mipira iliyopasuka. Katika gari la miaka zaidi ya 20, mipira midogo inayotoka kwenye manifoldi huwa imekauka kama ngozi ya mhogo. Injini ikiunguruma bila gari kwenda, sikiliza mlio wa kufyonza. Bana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo. Mlio wa injini ukibadilika, umepata pa kuanzia. Kipande cha mpira ni bei nafuu mno kikilinganishwa na kihisi.

Upungufu wa petroli nao hutokana na chujio lililoziba, pampu iliyochoka, injekta zenye uchafu au mrija uliopondeka. Hapa dawa ni geji ya presha. Katika injini nyingi za Corolla za wakati huo, presha huwa kati ya psi 38 na 44 hivi mpira wa hewa wa kidhibiti cha presha ukiwa umetolewa. Ikiwa iko chini ya hapo, nunua chujio kwanza kabla ya pampu, kisha pima tena.

Pampu yenyewe hujaribiwa kwa kijisanduku kile kile cha DIAGNOSIS. Ufunguo ukiwa umewashwa, ukiunganisha FP na +B, pampu huanza kuzunguka na waweza kuisikia ukitegea sikio kwenye tangi. Ikikaa kimya, chunguza fyuzi, rilei na waya kabla ya kuitangaza kuwa imekufa.

Wenye magari yanayosomeka kwa kifaa cha kisasa wana njia ya mkato. Kifaa huonyesha ni asilimia ngapi za mafuta ambazo kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Asilimia zikiwa juu injini ikiwa imetulia, halafu zikashuka ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, shuku mpira uliopasuka. Zikizidi kupanda gari linapovuta mlima, shuku chujio na pampu. Jambo hili huchukua dakika tano na halihitaji kununua chochote.

Petroli yenyewe ikiwa mbovu

Wakati mwingine gari halina kosa. Kosa liko ndani ya tangi.

Uchanganyaji wa mafuta taa na petroli au diseli umekuwa donda ndugu nchini. Mwaka 2018 serikali ilianzisha ushuru maalum wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, kwa lengo la kuondoa tofauti ya bei iliyowavutia wachanganyaji. Mafuta taa, pamoja na yale yanayopelekwa nchi jirani, hutiwa kemikali ya utambulisho ili wakaguzi wayatambue yakichanganywa na mengine.

Petroli yenye mafuta taa huungua vibaya. Gari huwa gumu kuwaka asubuhi, huvuta kwa uvivu, na likipanda mlima injini hugonga kama kokoto ndani ya mkebe. Plagi huingia masizi. Katika diseli, mafuta taa hupunguza ulainishaji, na pampu ya diseli huanza kujila yenyewe.

Maji nayo huingia tangini. Haya ni rahisi kuyaona: weka sampuli ya petroli katika chupa ya kioo, uiache itulie, na maji yatazama chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Mafuta taa hayajitengi hivyo. Kwa hayo, dondosha matone ya petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha alama. Likibaki doa lenye mafuta, una sababu ya kushuku, ingawa doa peke yake halitoshi kumshtaki mtu.

Kwa hivyo weka risiti za mafuta. Gari lililokuwa zima likianza kukohoa muda mfupi baada ya kujaza, swali la kwanza liwe, "Nilijaza wapi?" Malalamiko ya mafuta machafu hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Kuna pia tabia yetu ya kuweka mafuta ya shilingi mia mbili mia mbili. Hali ya uchumi inaeleweka, lakini pampu nyingi hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi likikaa karibu tupu kila siku, pampu hupata joto jingi. Jitahidi lisishuke chini ya robo.

Ugonjwa usio na nambari

Kimya cha taa hakithibitishi uzima. Kuna kosa moja linalomaliza petroli katika magari mengi ya Nairobi na ambalo huenda lisiwashe taa hata siku moja katika gari la zamani. Nalo ni kuondolewa kwa themostati.

Gari likipandisha joto, mafundi wengine huitoa themostati na kuitupa, wakidai kwamba nchi yetu ina joto na haihitajiki. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai kila mtu anazijua. Themostati ya Toyota nyingi hufunguka maji yanapofika nyuzi 82 hivi. Isipokuwepo, maji huzunguka wakati wote na injini hukaa baridi. Kompyuta huamini kwamba ndiyo kwanza gari limewashwa, na huendelea kumwaga petroli ya ziada kutoka Rongai hadi mjini.

Kihisi cha joto la maji kinachodanganya huleta matokeo hayo hayo. Tazama plagi zako. Rangi ya kahawia hafifu ni ya injini nzima. Masizi meusi makavu husema mafuta yamezidi. Ukiyaona, uliza kwanza kama themostati ipo kabla hujauziwa injekta.

Upo pia upande wa pili. Ndani ya kataliti mna madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaozinunua gerejini kwa pesa taslimu. Mwenye gari huambiwa imeziba, ikatolewa, na P0420 ikakaa daima. Kataliti huharibiwa hasa na injini inayomisi, maana petroli isiyoungua huenda kuungulia humo. Katika magari ya kizazi cha pili, taa ikipepesa unapoendesha, maana yake ni hiyo. Punguza mwendo, tafuta mahali salama usimame, na usiegeshe juu ya nyasi kavu.

Usalama kwanza

Petroli si maji. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na moto. Kwa hivyo:

Usifungue mrija wa petroli kabla ya kuondoa presha, wala injini ikiwa moto.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni laweza kukulaza hospitalini au kukuua.

Usiweke petroli katika chupa za soda ambazo watoto wanaweza kuzifikia.

Usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Fundi stadi wa jua kali hana cha kuficha. Wako wengi Grogan na kwingineko ambao hutambua ugonjwa kwa sikio kabla ya boneti kufunguliwa. Wao wenyewe huchoshwa na wateja wanaofika na kipuri mkononi na kusema, "Funga hiki." Mheshimu fundi wako kwa kumpa muda wa kupima, na umlipe kwa kazi hiyo hata kama hakuna kilichobadilishwa.

Kabla ya kukubali kipuri chochote kinunuliwe, muulize maswali matatu. Je, ni nambari gani imetoka, na umeiandika? Je, umepima nini kinachoonyesha kwamba ni kipuri hiki na wala si waya, mpira au chujio? Na kipuri kikifungwa, tutajuaje kwamba gari limepona?

Swali la mwisho ni muhimu kuliko yote. Kufuta nambari ni kazi ya sekunde chache. Katika Toyota za zamani huhitaji tu kutoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika. Taa itazima hata kama hakuna kilichotengenezwa. Kwa hivyo endesha gari siku mbili tatu, mlimani na kwenye msongamano, kisha soma tena. Ikitulia, ndipo ulipie salio.

Na zile nambari ulizoandika usizitupe. Weka daftari garini: tarehe, kilomita, nambari iliyotoka, kilichopimwa na kilichobadilishwa. Siku taa itakapowaka tena, na kwa gari kuukuu itawaka tu, fundi atakuwa na historia ya mgonjwa wake mbele yake. Heri daftari la shilingi hamsini kuliko sanduku la vipuri visivyokuwa na kosa.